Matairi Yamekua, Mshale Haujui

SWALI: Ndugu Mhariri, gari langu dogo lilikuja na matairi ya 195/65 R15 (upana milimita 195, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu inchi 15). Kwa kuwa barabara ya vumbi ninayopita kwenda shambani Bahi ina mashimo, nililifunga rimu za 16 na matairi ya 205/65 ili liinuke. Juzi nikielekea Morogoro mshale wa mwendo ulisimama kwenye 80 huku simu ikionyesha 83, na fundi anasema simu ndiyo inayodanganya. Nimwamini nani?
Msomaji, Ipagala, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, iamini simu, mradi uwe kwenye barabara iliyonyooka na mwendo haubadiliki. Gari halipimi barabara. Huhesabu mizunguko ya magurudumu na kuizidisha kwa mzingo wa tairi la kiwandani. Tairi la zamani lilikuwa na kipenyo cha milimita 634 hivi, la sasa lina 673, kwa hiyo kila mzunguko unakusogeza mbele kwa asilimia 6 zaidi bila dashibodi kuwa na habari. Kwa hesabu hiyo mshale ukisoma 80 ungekuwa unakimbia karibu 85. Simu imekupa 83 kwa sababu viwanda huutega mshale usome juu kidogo ya mwendo halisi. Akiba hiyo umeshaimaliza, na sasa uko kwenye deni. Tochi ya trafiki haiulizi mshale wako ulisema nini.

Kilomita nazo zinapunjwa. Rudisha kihesabio cha safari kwenye sifuri penye kibao cha kilomita, kisha uende hadi kibao cha kilomita 10 mbele: kitasoma kama 9.4. Ndiyo kusema sevisi ya kila kilomita 5,000 unaifanya ukiwa umetembea 5,300, na gari litaonekana linakula mafuta kuliko linavyokula kweli.

Ungetaka rimu za 16 kwa urembo tu, 205/55 ingekufaa, maana kipenyo chake ni milimita 632. Lakini wewe ulitafuta kimo, na umepata sentimita 2 tu, ambazo kwa mashimo ya masika naziona chache. Ukiamua kubaki nayo, pakia abiria, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili, ukague kama tairi linasugua madigadi. Na penye kibao cha 50, mshale usivuke 47.