Mgongo unaniuma mwaka wa tatu, na sasa nimekuwa mkali kwa mgonjwa wangu

SWALI: Nina miaka 44, naishi Kisauni. Huu ni mwaka wa tatu mgongo unaniuma. Nilipigwa picha nikaambiwa hakuna cha kupasuliwa. Nyumbani namuuguza mavyaa, amepooza upande wa kulia. Zamani nilikuwa na subira, sasa akiniita usiku nakasirika hata sijainuka. Juzi wifi yangu alisema kichwa kinamuuma, nikamjibu, "Hicho nacho ni kichwa?" Akalia. Je, maumivu humbadilisha mtu roho? Na nitamhudumia vipi mavyaa bila kujimaliza?

JIBU: Pole sana, dada. Naanza na pole kwa makusudi, kwa sababu katika swali lako lote sijaona mtu anayekupa wewe.

Roho yako iko palepale. Nafasi ndiyo iliyopungua. Maumivu yakipita miezi 3 tunayaita sugu, na hapo mara nyingi shida huwa imehamia kwenye mfumo wa fahamu wenyewe. Unakuwa kama mbwa wa lindo aliyewahi kuvamiwa na mwizi: sasa hata paka akipita ukutani anabweka. Maumivu ni ya kweli, ila ukali wake haulingani tena na jeraha. Mchana kutwa sehemu ya akili yako inaulinda mgongo, na usiku unaamshwa, na mtu asiyelala vizuri huumia zaidi kesho yake. Wifi alipotaja kichwa, alikukuta huna akiba.

Kuna jambo jingine ambalo wauguzaji wengi hawaambiwi. Mwaka 2004 mtafiti wa ubongo Tania Singer na wenzake kule London waliwapima ubongo wanawake 16, mara wao wenyewe wakishtuliwa kwa umeme kidogo, mara waume au wapenzi wao wakishtuliwa. Baadhi ya sehemu za ubongo zinazohusika na karaha ya maumivu ziliamka mara zote mbili. Kwa hiyo mavyaa akiguna, huenda ubongo wako nao unaguswa palepale panapohusika na karaha ya maumivu yako. Tafiti za baadaye za Singer na wenzake zikaonyesha kwamba kuumia pamoja na mtu ni kitu kimoja, na kumtakia nafuu ni kingine. Cha kwanza humchosha mtu. Cha pili huja na hisia ya upendo.

Ukiitwa usiku, basi, usikimbilie. Kaa ukingoni mwa kitanda, toa pumzi taratibu mara tatu, kisha jiulize swali moja tu: anahitaji nini sasa hivi? Maji? Kugeuzwa? Lifanye hilo. Kumbebea uchungu wote hujaombwa, wala huwezi.

Kugeuza kwenyewe ndiko kunakokuvunja, nadhani. Nimewaona wengi wakimvuta mgonjwa kwa mkono uliopooza huku wao wameinama kama wanaokota kamba sakafuni. Bega la upande ule limelegea, huteguka upesi. Fanya hivi: simama upande unaotaka ageukie. Kunja goti lake la mbali. Weka mkono mmoja nyuma ya bega lake, mwingine kwenye nyonga. Tanguliza mguu mmoja, kunja magoti yako, halafu rudi nyuma kwa uzito wa mwili mzima badala ya kuvuta kwa mikono. Kumsogeza juu kitandani ni kazi ya watu wawili na shuka lililokunjwa chini yake, kuanzia mabegani hadi makalioni. Kitanda kikiwa chini sana, fundi akiinue kwa miguu imara ya mbao. Kwa kawaida tunashauri ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi asipate vidonda vya kulalia, na zamu hizo si zako peke yako. Mavyaa ana wana.

Kazi nyingine zipime kwa dakika, usingoje maumivu yakusimamishe. Ukiketi kwenye mbuzi, kuna nazi dakika 10, inuka utembee, hata kama leo unajisikia mzima. Hasa leo. Siku nzuri ndizo zinazowaponza wagonjwa wangu, wanafua kila kitu kisha wanalala siku tatu. Nazi ya mashine sokoni nayo ni nazi, atakayesema haina ladha akune yeye. Matangani omba kiti, na nusu saa yatosha. Afadhali uonekane una maringo kuliko kubebwa kutoka mkekani.

Kama unajinunulia dawa ya maumivu ya diclofenac duka la dawa kila wiki, iache mpaka umwone daktari. Ikitumiwa muda mrefu inaweza kuumiza tumbo na figo, na kupandisha presha. Ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo ukikataa au kukutoka, au miguu ikiishiwa nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Homa za jioni na kukonda pamoja na mgongo pia zisingoje, kifua kikuu huingia hata kwenye uti wa mgongo.

Kwa wifi, nenda mwenyewe. Mwambie, "Siku ile mgongo ulikuwa umenikamata, nikakutolea wewe." Kisha muulize kichwa kinaendeleaje, na umsikilize mpaka amalize. Akikuuliza akusaidie nini, usimjibu "hakuna." Mpe zamu ya saa nne usiku.