Homa ya mtoto wa miaka miwili

Mama mwenzangu, umeuliza kama umfunike mwanao blanketi ili atoe jasho na homa ishuke. Tafadhali usifanye hivyo, kwa maana joto likikosa pa kutokea humzidi. Mvike nguo moja nyepesi, mpe maziwa, uji mwepesi au maji kidogo kidogo, na parasetamoli kwa kadiri ya uzito wake, yaani miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, bila kuzidi mara nne kwa saa 24. Huku kwetu Morogoro homa isidhaniwe kuwa ni mafua tu: mpeleke akapimwe malaria siku hiyo hiyo. Na ukimfunua kifua ukaona mbavu zikibonyea ndani kila avutapo pumzi, usingoje kupambazuke.