Kabla hujakopa kununua lenzi

Mdogo wangu, umeuliza kama ukope ununue lenzi mpya, kwa sababu picha zako za harusi na kipaimara hapa Moshi zote zinafanana. Usikope. Hiyo ya milimita 50 uliyonayo inakutosha kabisa.

Nenda nayo soko la Mbuyuni, umtafute mama mmoja anayeuza ndizi. Muombe ruhusa kwanza, na ununue kitu, ndiyo adabu. Mpige picha asubuhi, mpige saa sita, kisha mpige akiwa chini ya turubai. Saa sita jua liko utosini, macho yake yatageuka mashimo meusi. Kivulini uso unatulia. Sasa mgeuze ili anga jeupe liwe nyuma yake. Kamera itadanganyika, itampiga giza. Ongeza mwanga hatua moja kwenye mipangilio ya kamera, uso utarudi. Nadhani harusi zako zinaharibikia hapohapo, maana mahema yetu mengi ni meupe, na bibi harusi naye kavaa nyeupe.

Ukirudi nyumbani usifute kitu. Chagua picha tatu, andika kwenye daftari kilichokuvutia na kilichokushinda, kisha zifungue tena baada ya mwezi. Utashangaa: ile uliyoipenda mno mara nyingi ulimpenda mtu aliyemo, si picha.

Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, iache kwa sasa. Inapigwa vizuri alfajiri kabla mawingu hayajapanda, lakini nani hapa Moshi hana picha yake?