Jibu: Kuna ubaya gani serikali ikishika bei ya nishati kwa muda mfupi?

Mkuu mleta uzi, umeuliza hivi: mafuta yakipanda ghafla, kuna ubaya gani serikali ikashika bei kwa miezi mitatu na kumpa waziri madaraka ya kugawa mafuta hadi mambo yatulie? Mchangiaji mmoja akaongeza kwamba anayepinga ni wakala wa makampuni ya mafuta. La uwakala naliacha. Swali lako lina jibu, kwa sababu jambo hilo lilishafanywa kuanzia mwanzo hadi mwisho, Marekani ya miaka ya 1970, na kila hatua yake imo kwenye kumbukumbu.

Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Nixon alifunga bei na mishahara kwa siku 90. Bidhaa nyingi zilikuwa zimefunguliwa kufikia Aprili 1974. Mafuta yalisubiri mpaka Rais Reagan aliposaini amri ya kuyafungulia bei tarehe 28 Januari 1981. Siku 90 zikawa miaka tisa na miezi mitano. Wala hakukuwa na njama. Bei ikishashikwa huzaa tatizo la pili, tatizo la pili likatungiwa kanuni, na kanuni ile ikazaa la tatu. Kila aliyeongeza kanuni alikuwa na sababu nzuri siku aliyoiongeza.

Tuanzie kisimani. Chini ya mfumo ule, pipa la mafuta ghafi lilikuwa na bei zaidi ya moja. Kiasi ambacho kisima kilikuwa kikitoa mwaka 1972 kiliitwa mafuta ya zamani, na mwishoni mwa 1973 bei yake ilifungwa dola 5.25. Kilichozidi hapo kiliitwa mafuta mapya, kikauzwa kwa bei ya soko, ambayo baada ya vikwazo vya nchi za Kiarabu vya Oktoba 1973 ilipanda zaidi ya mara mbili. Visima dhaifu, vyenye wastani usiozidi mapipa 10 kwa siku, vilisamehewa kikomo.

Sasa shika kalamu. Chukua bei ya soko dola 12. Kisima cha mapipa 12 kwa siku, kikiuza yote kwa 5.25, kinaingiza dola 63. Kikidhoofika hadi mapipa 10 kinahamia fungu la waliosamehewa na kuingiza dola 120. Hapo mwenye kisima hahitaji kuwa mwizi. Anachelewesha tu kubadilisha pampu iliyochoka. Sheria iliyotungwa kwa sababu mafuta hayatoshi ikawa inamlipa mtu ili atoe machache. Na kwa kuwa mafuta ya zamani na mapya yanapita bomba lile lile na hayatofautiani hata kwa harufu, kilichoyatenga ni karatasi tu. Wachuuzi wa kati walijua la kufanya na karatasi. Shehena moja ilipitishwa kwenye kampuni tano sita, ikaingia ya zamani na kutoka mpya. Ili kuwakamata, serikali ilihitaji wakaguzi wengi zaidi na haki ya kufungua vitabu vya kila mtu kwenye mnyororo. Madaraka huongezeka namna hiyo, kupitia kazi ya ukaguzi ambayo hakuna aliyeipigia kura.

Pale kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana wengi hawapajui. Kiwanda chenye visima vya zamani jirani kilinunua kwa 5.25, na kile cha pwani kinachoagiza nje kilinunua kwa 12. Cha pili kingekufa. Basi Novemba 1974 zikaletwa hati za mgawo: mwenye mafuta rahisi kupita wastani wa taifa anamlipa aliyekosa. Chukua mfano kwamba wastani wa mafuta ya zamani nchini ni asilimia 40. Tofauti ya bei ni dola 6.75. Anayeagiza kila pipa kutoka nje anapokea asilimia 40 ya tofauti hiyo, yaani 2.70, kwa hiyo pipa lake linamgharimu 9.30. Anayetumia ya zamani tupu analipa asilimia 60, yaani 4.05, naye anafika 9.30. Haki imetendeka, sivyo? Angalia nani kapata nini. Mchimbaji wa nyumbani kapewa 5.25. Muuzaji wa nje kapewa 12. Kila pipa lililoagizwa limepunguziwa 2.70 kwa fedha iliyokatwa kwa mchimbaji wa ndani. Rais anahutubia taifa kuhusu kujitegemea, na jedwali la serikali yake linatoa ruzuku kwa meli za kigeni.

Viwanda vidogo vilipewa hati za ziada ili visimezwe na vikubwa. Matokeo yake watu wakajenga viwanda vidogo kwa ajili ya hati hizo, vingine visivyo na mtambo wa maana wa kutengeneza petroli. Hati zilipofutwa 1981, vingi vilifungwa.

Kituoni nako, wauzaji wa jumla walilazimishwa kugawa petroli kwa kufuata manunuzi ya kipindi kilichopita. Mapinduzi ya Iran yalipotikisa soko mwaka 1979, watu waliogopa safari za mbali wakabaki mijini. Karatasi haikujua hilo. Petroli iliendelea kupelekwa kwenye barabara za watalii na vijijini kwa kiwango cha zamani, huku miji ikikauka, na mfanyabiashara hakuwa huru kuhamisha mzigo pale palipo na foleni. Foleni nayo hujilisha yenyewe. Gari la tangi la lita 60 kwa kawaida hutembea likiwa na wastani wa nusu. Dereva mwenye hofu anajaza kila likibaki nusu, na wastani wake unakuwa robo tatu. Hizo ni lita 15 za ziada zinazolala ndani ya kila gari, na kwa magari milioni moja ni lita milioni 15 zilizoondoka kwenye matangi ya vituo bila hata kilomita moja kuendeshwa. Bei ingepanda, wengi wasingejaza vile. Badala yake ikaja amri ya namba za gari: witiri leo, shufwa kesho. Siku zikiwa chache, kila mmoja anajaza hadi juu siku yake.

Kwenye gesi asilia yalikuwa mabaya zaidi, na yalianza zamani. Mwaka 1954 Mahakama Kuu iliamua kwamba serikali ya shirikisho ipange bei ya gesi kisimani ikiwa gesi hiyo inavuka mpaka wa jimbo. Iliyouzwa ndani ya jimbo haikuguswa. Basi gesi ikabaki Texas na Louisiana, majimbo yenye visima. Majira ya baridi ya 1976 hadi 1977 viwanda na shule za kaskazini zilifungwa, na Columbus, Ohio, majengo mengi ya shule yalifungwa karibu mwezi mzima. Februari 1977 Rais Carter alipewa madaraka ya dharura ya kuhamisha gesi. Mwaka uliofuata, kwa imani kwamba gesi inaisha ardhini, Bunge likapitisha sheria ya kuzuia mitambo mipya ya umeme kutumia gesi. Gesi haikuwa inaisha, bei ndiyo ilikuwa haiiruhusu kutoka. Katazo lilifutwa 1987, ila mitambo ya makaa ya mawe iliyojengwa wakati ule haifutwi kwa kura. Mtambo kama huo huunguza miaka 40 na zaidi. Wanaotaka serikali ileile isukume nchi mbali na makaa wangeanza hapo.

Kufikia Julai 1979 serikali ilikuwa imefika ukutani, kwenye thamostati, kile kifaa cha kupanga joto la chumba. Ofisi na maduka yalizuiwa kupoza hewa chini ya nyuzi 78 za Farenhaiti au kupasha joto juu ya 65, yaani takriban 25.5 na 18 za Selsiasi, na mwenye jengo alitakiwa kubandika cheti. Kutoka kufunga bei ya pipa hadi kupanga joto la chumba cha karani, miaka minane.

Wenye hoja tofauti nao wana haki yao. Waya na mabomba ya usambazaji ni ukiritimba wa asili. Hakuna atakayejenga nguzo za pili mtaa uleule, kwa hiyo mdhibiti lazima awepo. Hifadhi ya kimkakati ya mafuta iliyoanzishwa 1975 ilikuwa wazo zuri: unanunua, unahifadhi, unatoa siku ya shida, bila kumgusa mtu bei yake. Na California 2000 na 2001 wafanyabiashara wa umeme, kampuni ya Enron ikiwemo, walicheza rafu za wazi. Lakini kumbuka na upande wa pili wa California: bei ya jumla ilikuwa huru, ya rejareja imefungwa. PG&E, kampuni ya kusambaza umeme huko, ilinunua ghali na kuuza rahisi hadi ikafilisika Aprili 2001, na mteja hakuona sababu ya kuzima taa kwa kuwa bili yake haikumwambia kitu.

Kwa hiyo mswada wa aina hii ukiletwa kwenu, usianze na hotuba. Tafuta kwanza tarehe ya kufa. Je, madaraka yanakoma yenyewe, au yanakoma "pale waziri atakaporidhika"? Hilo la pili halina mwisho. Kisha tafuta mwaka wa msingi, kwa sababu panapogawiwa kwa historia, aliyekua tangu mwaka huo ataumia na aliyesinyaa atabaki na ziada. Ukikuta msamaha wenye namba (mapipa 10, kilowati 50, wafanyakazi 20), piga hesabu ya aliye moja juu na aliye moja chini. Pengo likiwa kubwa, utaona watu wanasinyaa kwa makusudi.

Kisha uliza tofauti kati ya bei iliyofungwa na gharama halisi inalipwa kutoka kasma ipi ya bajeti. Isipotajwa, inalipwa bado: inakaa kama deni kwa msambazaji, transfoma hazibadilishwi, na baada ya miaka michache inaitwa uzembe wa shirika. Kama nia ni kumlinda asiyejiweza, mpe fedha yeye na uache bei iseme ukweli. Njia hiyo inaonekana ghali kwa sababu tu gharama yake imeandikwa kwenye bajeti.

Mwisho soma vifungu vya adhabu, uone mtu anaadhibiwa kwa kukosa kitu gani. Sheria ya Marekani ya mwaka 2007 iliwataka wasafishaji wa mafuta wachanganye mafuta yaliyotengenezwa kwa nyasi na mabua. Viwanda vya kuyatengeneza kwa wingi havikuwepo, lakini wasafishaji walitakiwa kununua vibali vya kufidia wasichoweza kukinunua. Januari 2013 mahakama ya rufaa ya Washington ilitengua lengo la 2012 ikisema wakala wa serikali anayepanga malengo hayo alikadiria kwa kutamani uzalishaji ukue. Lengo lenyewe lilibaki kwenye sheria, lipunguzwe mwaka hadi mwaka na wakala yuleyule.