Ziara ya historia bila hela ya basi

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi, vinginevyo pole na kazi. Umeuliza uwapeleke wapi darasa la tano bila hela ya basi, na siku ya kikao uwaonyeshe wazazi nini. Kwa kuwa mko Arusha mjini, nendeni kwa miguu Makumbusho ya Azimio la Arusha (lile tamko la ujamaa na kujitegemea), karibu na Mnara wa Mwenge. Barua ipitie kwa mwalimu mkuu mapema, na ulizia kiingilio cha wanafunzi.

Usiwapeleke wote siku moja. Wa nyuma wataambulia migongo ya wenzao. Kila kundi lipe swali moja tu. Mfano: Azimio la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi nini? Wakishapata jibu (mishahara miwili, hisa kwenye kampuni, nyumba ya kupangisha), wakamuulize babu au bibi wa mtaani: je, viongozi walitii? Hapo ndipo penye utamu, maana majibu hayatafanana. Waandike maneno ya mzee kama alivyoyasema, hata akichanganya Kimeru.

Siku ya kikao bandika manila zenye majibu yao ukutani, mtoto mwenyewe aeleze, wewe kaa pembeni. Boma la Wajerumani, ile ngome ya zamani ya wakoloni hapo mjini, liacheni hadi muhula ujao.