Kiingereza cha Mlimani Huanzia Hema la Chakula

Kijana mmoja wa Moshi anayebeba mizigo Kilimanjaro ameniandikia. Ameshalipia kozi mbili za Kiingereza na vyeti anavyo, lakini mgeni akimuuliza jambo njiani, anatabasamu tu. Je, alipie kozi ya tatu?

Asilipie. Inauma kuona ujira wa safari nzima ukiishia kwenye cheti kisichomfungulia mtu mdomo. Kampuni inayotafuta mwongozaji msaidizi hupima mambo mawili kabla ya mengine yote: kama unaweza kuwaeleza wageni ratiba ya kesho, na kama unaweza kumuuliza mgeni hali yake ukaelewa jibu. Yote mawili hufanyika kwenye hema la chakula. Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla ya kuwaza uongozaji, omba kazi ya kuhudumia hema hilo. Mhudumu huongea na wageni asubuhi, mchana na jioni, na kila usiku humsikia kiongozi akitoa maelezo yaleyale kwa mpangilio uleule. Hakuna darasa mjini linalokupa marudio kama hayo.

Mpangilio wa maelezo ni huu: saa ya kuamka, saa ya kuondoka, urefu wa njia, mwinuko, hali ya hewa, nguo, maji, chakula, kisha maswali. Andika sentensi moja fupi kwa kila kipengele. "Tomorrow we walk six hours." "Carry three litres of water." Hazihitaji madoido. Wako wageni Wajerumani, Wafaransa au Wahispania, na Kiingereza kwao pia ni lugha ya kujifunza. Sentensi fupi ndizo zinazowafikia.

Hatari kubwa iko kwenye saa. Usiku wa kwenda kileleni kutoka Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, wageni huamshwa saa tano usiku na kuanza kupanda saa sita. Aliyechoka hutafsiri kichwani na kusema "five", na mgeni hulala akijua ataamshwa alfajiri. Usitafsiri. Weka simu kwenye mfumo wa saa 24, soma 23:00 pale kwenye kioo, useme "eleven at night". Kila saa unayoitaja ifuate "in the morning", "in the afternoon" au "at night".

Tarakimu nazo zina mtego wake. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "fifteen" ikitoka kinywani mwetu mgeni husikia "fifty". Dakika 15 zinageuka 50. Kaza mwisho wa neno, kisha rudia tarakimu mojamoja: "fifteen, one five". Vimo vya njia yako vijue kwa namna hiyohiyo: Barafu mita 4,673, Stella (ukingoni mwa kreta) mita 5,756, Uhuru (kileleni) mita 5,895.

Sasa afya, na hapa naomba usome taratibu. Usimuulize mgeni swali la kukanusha. Sisi tukiulizwa "Huumwi kichwa?" tunajibu "Ndiyo, siumwi." Mgeni ukimuuliza "You don't have a headache?" atajibu "No" akimaanisha haumwi, nawe unaweza kusikia kinyume chake. Akijibu "Yes", unabaki hujui kitu. Uliza "How is your head?" kisha mwombe namba kuanzia 0 hadi 3: 0 hakuna maumivu, 3 ni makali sana. Fanya hivyo pia kwa kichefuchefu, uchovu na kizunguzungu. Kuhusu chakula, usiulize kama amekula, uliza kiasi: "All, half, or nothing?"

Jifunze pia kuuliza kikohozi na rangi ya makohozi. Mgeni anayehema akiwa amekaa, au anayetoa povu la waridi, huenda mapafu yake yanajaa maji. Anayepepesuka ukimwambia atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole, huenda ubongo wake unavimba. Hapo adabu ya "maybe you can try to go down" haifai. Sema: "You are going down now. I am coming with you." Kisha mjulishe kiongozi wako papo hapo. Sentensi hizo mbili zifanyie mazoezi mpaka zitoke bila kuwaza, kwa sababu utazihitaji usiku, kwenye baridi, nawe mwenyewe umechoka.

Kosa linalonisikitisha kuliko yote ni "yes" ya aibu. Mgeni anasema karanga zinamdhuru, mhudumu hakuelewa, anaitikia "yes", na jikoni mchuzi wa karanga unaendelea kuchemka. Usipoelewa, sema "Please say it again, slowly," kisha rudia ulichosikia: "No peanuts. Peanuts are dangerous for you?" Mgeni hatakudharau kwa kuuliza. Kinachomvunja moyo ni kugundua kesho yake kwamba hukuelewa.

He na she hutusumbua kwa kuwa sisi tuna "yeye" mmoja. Tumia jina la mgeni mpaka uzoee.

Aprili na Mei, mvua za masika zinapopunguza wageni, ndipo pa kujifua. Jirekodi kwenye simu ukitoa maelezo ya jioni kwa dakika mbili. Sikiliza, chagua kosa moja tu, rekodi upya. Kisha mtafute mwenzako acheze mgeni msumbufu, akukatize kwa maswali: mvua ikinyesha je, betri ya taa ya kichwa ikiisha je, nikishindwa kufika nani atanirudisha? Msimu ukirudi, mwombe kiongozi wako akuachie kipengele kimoja cha maelezo, cha hali ya hewa kwa mfano. Ukikimudu safari mbili tatu bila yeye kukusahihisha, omba cha nguo, halafu cha maji. Kipengele cha saa ya kuamka kiombe mwishoni kabisa.