Usiruke vidonge, mwanangu: uzito huu nao unatibika

*Shangazi, nina miaka 26. Huu ni mwezi wa nane natumia olanzapini, dawa ya ugonjwa wa akili. Sauti nilizokuwa nikizisikia zimenyamaza, lakini nimeongezeka kilo 14. Ndugu zangu wananiita mlafi. Wiki hii nimeanza kuruka vidonge kimyakimya. Nifanyeje?*

Mwanangu, sikulaumu hata kidogo. Ila leo hii wapigie simu kliniki, uwaeleze ni vidonge vingapi umeruka, wakuelekeze namna ya kuendelea. Dawa hii ikikatizwa ghafla, sauti zinaweza kurudi, na ninaogopa zikurudie ukiwa umejificha peke yako.

Wanaokuita mlafi wamekosea. Olanzapini na klozapini ndizo zinazoongoza kwa kunenepesha miongoni mwa dawa za aina hii. Zinavuruga mawasiliano ya ubongo yanayodhibiti njaa na shibe, ndiyo maana unaweza kumaliza sahani na bado njaa iko palepale. Tena zinaleta usingizi, mwili unakosa hamu ya kutembea. Hapo kumwambia mtu "punguza kula" halafu basi, ni kumwonea.

Kwa hiyo nenda kwa daktari, na usimwambie "nimenenepa kidogo". Mwambie kilo 14, na mwambie zimekufikisha kwenye kuruka dawa. Anaweza kukuhamishia taratibu dawa isiyonenepesha sana, kama aripiprazoli, ingawa kuhama nako kuna hatari ya ugonjwa kurudi, hivyo lipimeni jambo hilo pamoja. Au abakize hiyohiyo inayokufaa na kukuongezea metformini. Usishtuke ukisikia ni dawa ya kisukari. Hutolewa pia kupunguza uzito wa namna hii kwa wasio na kisukari. Muombe akupime sukari, mafuta ya damu na presha, maana kilo si jambo pekee la kuangaliwa.

Nyumbani anza na kinywaji. Olanzapini hukausha mdomo, na wengi hutuliza kiu kwa soda na juisi siku nzima. Kunywa maji. Tembea kila siku, hata kama ni dakika 15 tu kwa kuanzia. Panda mizani mara moja kwa wiki. Kujipima kila siku ni kujitesa. Uzito ukisimama mwezi mzima bila kupanda, huo ni ushindi, hata kama nguo za zamani bado zinabana.

Na hao ndugu zako, wasomee jibu hili. Kisha niandikie ukishaonana na daktari, nitakuwa nakusubiri.